Chembe za Kinga Huzaliwa Wapi? Maswali na Majibu

"Salaam aleikum, Mwalimu. Nimeambiwa chembe nyeupe za damu yangu ni chache. Hutengenezwa wapi hasa?" — Msomaji, Kisauni

Waaleikum salaam. Sababu ya uchache huo utaelezwa na daktari aliyekupima. Mimi nitajibu kuhusu asili yake. Hutengenezwa katika uboho, ila si ule wa manjano, wenye mafuta mengi, tunaoufyonza kwenye mfupa wa supu, bali ule mwekundu ambao kwa mtu mzima hukaa zaidi katika nyonga, kidari, mbavu na uti wa mgongo. Humo mna seli shina, chache mno, ambazo huweza kujizalisha zenyewe na pia kuzaa chembe za damu za aina mbalimbali, kama James Till na Ernest McCulloch wa Toronto walivyodhihirisha kwa panya katika miaka ya 1960. Ukiutazama uboho kwa darubini utaona jinsi neutrofili, ambayo ni miongoni mwa askari wa mwanzo kufika kwenye kidonda, inavyokomaa: kiini chake huanza kikiwa mviringo, kikabonyea kama haragwe, kikapinda kama herufi U, na hatimaye kikawa mapande matatu hadi matano yaliyoungwa kwa uzi mwembamba, mfano wa punje za tasbihi.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi hupimwa CD4 kliniki. Hizo nazo zatoka katika uboho?" — Mama, Likoni

Marahaba. CD4 ni alama iliyo juu ya baadhi ya chembe nyeupe za kinga ziitwazo chembe T, na hizo ndizo huhesabiwa kliniki. Asili yake ni huko, lakini huondoka zingali changa, zikasafiri kwa damu hadi tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya kidari, juu kidogo ya moyo. Zinapoingia hazina alama ya CD4 wala ya CD8, ambayo ni alama ya kundi jingine la chembe T. Baadaye hubeba zote mbili kwa pamoja, kisha hubaki na moja tu. Wakati huo kila chembe hukata na kuunga upya jeni zake ili kujitengenezea kipokezi chake, yaani kishikio cha kutambulia wavamizi, na kwa kuwa kazi hiyo hufanyika kwa bahati nasibu, ni lazima ijaribiwe. Isiyoweza kabisa kuzitambua alama za mwili wake hufa. Inayozishika kwa nguvu kupita kiasi kwa kawaida hufa pia, kwani ingeushambulia mwili wenyewe. Takriban 95 katika kila 100 hazitoki humo, na kila ninapolifundisha jambo hili hustaajabia ukali wa mtihani huo. Virusi vya Ukimwi huingia katika chembe kwa kuishika CD4 hiyo hiyo, na dawa za ARV zinapovizuia, idadi hupanda polepole, basi usizikatize.

"Na chembe B?" — Mwanafunzi, Mji wa Kale

Hizo, yaani chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, hukulia katika uboho wenyewe, kisha hukamilika katika bandama.

"Mwalimu, mke wangu ni mjamzito. Mtoto asiye na mifupa kamili hupata wapi damu?" — Baba, Changamwe

Damu ya kwanza huanza takriban wiki ya tatu, katika kifuko kidogo kilichoambatana na kijusi. Baadaye seli shina huchipuka kwenye ukuta wa mshipa mkuu wa damu, zikahamia katika ini, ambalo hushika kazi hiyo kwa miezi kadhaa hadi uboho uwe tayari kuipokea. Hata hivyo, baadhi ya chembe za kile kifuko cha mwanzo huingia katika ubongo mapema sana, na uzao wake hubaki humo ukiulinda hadi uzeeni.