Mgeni Aliyewafundisha Kwata Askari wa Washington

Safari iliyopita niliandika juu ya Valley Forge, Pennsylvania, ambako jeshi la Marekani chini ya Jenerali George Washington lilipiga kambi Desemba 1777, wakati wa vita vya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza. Maswali mengi mliyoniletea yanamhusu Friedrich von Steuben, Mjerumani aliyelifundisha jeshi hilo.

Kwani askari hao hawakujua kupigana?

Ujasiri walikuwa nao, na wengi walikwisha kuonja vita. Walichokosa ni kutenda kwa pamoja. Vikosi havikuwa na kwata moja, na safarini watu walifuatana mmoja nyuma ya mwenzake, hata wa mbele akifika vitani wa nyuma bado yuko njiani. Singe, yaani kisu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki, hawakufundishwa kuitumia, kwa hiyo wengine waliichomea nyama. Tena walikuwa wanyonge: karibu watu 2,000 walikufa katika kambi hiyo kwa maradhi, wala adui hakuishambulia.

Steuben hakujua Kiingereza. Alifundishaje?

Alifika Februari 1778. Maelekezo aliyaandika kwa Kifaransa, katibu wake kijana, Duponceau, akayatafsiri, kisha Alexander Hamilton na John Laurens, maafisa wasaidizi wa Washington, wakayanyoosha yaeleweke kijeshi. Akachagua askari wapatao 100, akawafundisha yeye mwenyewe uwanjani, bunduki mkononi. Maafisa walishangaa. Kwa desturi waliyoiga kwa Waingereza, kuwafunza makurutu ilikuwa kazi ya sajenti. Waliofuzu wakatawanywa kuwafundisha wenzao.

Akipandwa na hasira alitukana kwa lugha zake, kisha humwomba Kapteni Benjamin Walker amtukanie kwa Kiingereza. Askari walicheka, wakarudia zoezi.

Kinachonigusa zaidi ni barua aliyomwandikia baadaye rafiki yake wa Ulaya. Kwenu, alisema, askari huambiwa afanye, naye hufanya. Huku sina budi kumweleza kwanza kwa nini, ndipo afanye. Naamini hiyo ndiyo siri ya kazi yake. Hakuwalazimisha watu waliojitolea kupigania uhuru wawe kama askari wa mfalme.

Ni kweli alidanganya cheo?

Cheo kilikuwa cha uongo. Barua ya Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani huko Paris, ilimtaja kuwa luteni jenerali wa Mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani, ilhali aliacha jeshi akiwa kapteni. Siutetei uongo huo. Ujuzi wake, hata hivyo, ulikuwa wa kweli, maana aliwahi kutumika katika makao ya kivita ya Mfalme Frederick. Ndiye pia aliyetaka vyoo vichimbwe mbali na majiko, na mimi jambo hilo nalithamini sawa na kwata yote. Mei 1778 alifanywa inspekta jenerali, yaani msimamizi wa mafunzo ya jeshi zima.

Alikuwa mgeni pekee?

La. Alikuwapo Lafayette wa Ufaransa, Kościuszko wa Poland aliyejenga ngome za West Point, na Mpoland mwenzake Pulaski, wa askari wa farasi.

Mafunzo yalionekana vitani?

Yalionekana mapema. Tarehe 28 Juni 1778, huko Monmouth, jeshi lililoanza kurudi nyuma asubuhi lilijipanga upya na kuwakabili Waingereza katika joto kali hadi jioni. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia 16 Julai, askari wa Jenerali Anthony Wayne waliivamia ngome ya Waingereza ya Stony Point, wengi wao wakiwa na bunduki zisizo na risasi. Waliiteka kwa singe.