Jibu: Kwa nini Andromeda wa Ethiopia huchorwa mweupe?
Mkuu, umeuliza kwa nini Andromeda, binti mfalme wa Ethiopia katika hadithi za kale za Wagiriki, aliyefungwa ili aliwe na dubwana la baharini, huchorwa mweupe pe. Mambo hayo yalianza na Wagiriki wenyewe. Kwenye mtungi wao mmoja wa karne ya 5 KK, uliopo Boston, watumishi wanaosimika nguzo za kumfungia ni Waafrika dhahiri, yeye siye. Ovid, mshairi wa Roma, alimtaja kuwa mweusi, lakini mchoraji Titian, aliyemsoma sana huyo Ovid, akamchora mweupe vilevile. Mimi nampenda Andromeda wa mchoraji Rembrandt (karibu 1630, yuko The Hague, Uholanzi): mikono imefungwa juu, uso umejaa hofu, urembo wa kujionyesha hamna, na Perseus, shujaa aliyemwokoa, wala haonekani. Ukitaka mweusi, tafuta mchoro wa Abraham van Diepenbeeck uliochapishwa 1655.