Zimebaki siku tatu njiani: majibu kwa wenye magari-nyumba

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa mabwana na mabibi walio njiani kurudi Lubumbashi kutoka Zambia, au waliofika juzi na gari bado limejaa vumbi jekundu. Likizo inaisha, shule zinakaribia kufunguliwa, kila mtu anataka nyumba yake. Ndiyo maana siku hizi za mwisho zina hatari kuliko za mwanzo: gesi imepungua, betri imechoka, tairi zimekula mashimo, na dereva ana haraka. Tumechagua barua tano.

Wandugu wa gazeti, mimi na bwana yangu tuko Livingstone na HiAce yetu tuliyoifunga kitanda na jiko. Tuna siku tatu. Bwana anataka tutoke usiku, tuendeshe kwa zamu, tufike haraka ili tupate siku moja ya kupumzika nyumbani. Mnaonaje? – Mama wa Kampemba

Mama, shikilia siku zako tatu. Kutoka Livingstone hadi Lubumbashi ni takriban kilomita elfu moja. HiAce yenye kitanda, maji na jiko haikimbii kama HiAce tupu. Ukichanganya peaje (vituo vya kulipia barabara), vizuizi vya polisi na misururu ya lori, hesabu wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kwa hiyo siku ya kwanza mwishie Lusaka, karibu kilomita 470. Siku ya pili Lusaka hadi Chingola, kilomita zaidi ya 400, mkipitia Kabwe, Kapiri Mposhi, Ndola na Kitwe. Mkilala Chingola, mpaka wa Kasumbalesa uko chini ya saa moja, na mnaufikia asubuhi mkiwa na akili timamu.

Usiku tunaukataa kabisa. Lori lililoharibika husimama ndani ya njia bila taa, na alama yake ni matawi ya mti yaliyotupwa barabarani, ambayo utayaona ukiwa umeshayafikia. Baiskeli zinazobeba makala (makaa ya kupikia) hazina taa. Kuendesha kwa zamu hakusaidii sana pia, kwa kuwa anayelala kwenye gari linalorukaruka hapumziki, na akipokea usukani anaupokea akiwa amechoka vilevile.

Kati ya Mazabuka na Kafue kuna vilima vya Munali. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, usikalie breki. Mafuta ya breki yaliyozeeka yamekwisha kunywa unyevu. Yakipata joto kali, unyevu ule unakuwa mvuke na pedali inalala chini. Ikitokea, simameni, acheni breki zipoe zenyewe. Msizimwagie maji, diski itapinda.

Kila mnaposimama, mmoja azunguke gari na kusogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, ama breki yake inashika, ama beringi yake inakufa. Upepo wa tairi upimeni alfajiri kabla ya kuondoka, wakati tairi ni baridi, na fuateni kipimo cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye bati la mlango wa dereva.

Frigo yetu ya gesi iligandisha maji vizuri kabisa Livingstone. Tumefika Lusaka, moto wake unazima kila mara, nyama imeanza kulainika. Na asubuhi jiko nalo linawaka kwa unyonge, ingawa chupa naona bado nzito. Gesi imeisha ao frigo imekufa? – Baba wa Katuba

Baba, inawezekana hakuna kilichokufa. Livingstone iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lusaka, sawa na Lubumbashi yetu, iko juu ya mita 1,200. Huko juu hewa ni nyepesi, na kimoto kidogo cha frigo, ambacho hata nyumbani hupumua kwa shida, kinakosa hewa na kuzima. Watengenezaji wengi wa frigo hizi huonya kwamba kuanzia mita 1,000 gesi inaweza kukataa kuwaka. Mkiwa kambini penye umeme, tumieni umeme wa 230 V. Mkiwa mnaendesha, tumieni 12 V wakati injini inawaka tu, kwa sababu frigo hii ikivuta betri ya nyumba gari likiwa limesimama, itaimaliza kwa saa chache.

Kabla ya kulaumu mwinuko, tazama mambo mawili. La kwanza ni usawa. Frigo hii haina mota: moto huchemsha amonia na maji, amonia hupanda, hupoa, kisha hurudi chini kwa kuteremka yenyewe. Gari likiinama zaidi ya nyuzi tatu hivi, ule mteremko unapotea na ubaridi unasimama hata kama moto unawaka vizuri. Weka sahani yenye maji kidogo ndani ya frigo. Maji yakikimbilia upande mmoja, weka ubao chini ya gurudumu la upande huo. La pili ni uchafu. Barabara imetia vumbi kwenye kichomeo, na buibui hupenda bomba lile dogo. Funga chupa, fungua kifuniko cha nyuma, ondoa masizi kwa brashi laini, na kile kitundu kinachotoa gesi kiloweke kwenye alkoholi kisha kipulize. Usikichokoe kwa sindano: kikipanuka hata kidogo, moto utakuwa wa njano na kutoa masizi. Moto mzuri ni wa bluu. Ukishawasha, subiri usiku mzima kabla ya kuhukumu. Frigo hii ni ya polepole.

Ukikuta nyuma ya frigo unga wa njano, au ukisikia harufu kali inayochoma pua, hapo imevuja. Zima, fungua madirisha, usiuguse unga ule kwa mkono, ni sumu. Bomba hilo halizibwi na fundi wa barabarani.

Sasa jiko la asubuhi. Butani haigeuki kuwa gesi joto likikaribia nyuzi 0, na usiku wa kiangazi wa kwetu na wa Zambia hushuka chini ya nyuzi 10. Zaidi ya hapo, chupa inajipoza yenyewe kadiri unavyotumia gesi. Ndiyo maana unaona jasho baridi ubavuni mwake. Isimamishe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, na moto utarudi. Usiipashe kwa moto wowote.

Kujua kilichobaki, usibahatishe kwa kunyanyua. Shingoni mwa chupa pameandikwa uzito wake ikiwa tupu. Itundike kwenye mizani ya soko. Ikiwa tupu ni kilo 7.2 na mizani inasema 8.4, una kilo 1.2. Frigo hula karibu gramu 300 kwa siku, na jicho moja la jiko lililofunguliwa wazi hula kama gramu 150 kwa saa. Kwa hiyo kilo hiyo na kidogo inatosha frigo siku nne, au kupika saa nane, si vyote viwili. Kwa siku tatu zilizobaki iachie jiko, na nyama ipikwe leo.

Na kwa kuwa baridi ndiyo iliyoleta swali hili: mbabula, lile jiko la makala, haiingii ndani ya gari, hata makala yakiwa yameshakuwa mekundu bila moshi, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Makala mekundu hutoa gesi isiyo na harufu inayolaza watu wasiamke. Jiko la gesi nalo si la kuota moto. Vaeni soksi, ongezeni blanketi, jazeni chupa ya maji ya moto muiweke miguuni. Tunawaomba hili kwa moyo wote.

Choo chetu cha sanduku nitakimwaga wapi nikifika nyumbani? Tuna fosi septiki (shimo la maji machafu), na kisima kiko parseli (kiwanja) hiyohiyo. – Mama wa Kamalondo

Mama, fosi septiki inafaa kwa sharti moja: ile dawa ya bluu ya choo huua pia vijidudu vinavyoyeyusha uchafu ndani ya fosi. Siku tatu za mwisho acheni kuitia. Tumieni maji, na mwageni choo kila siku mahali panaporuhusiwa kambini. Mkifika Lubumbashi kitabaki kidogo. Kimwageni polepole na ndoo mbili za maji. Mfereji wa barabarani hapana, wala shimo lililo karibu na kisima. Acheni walau mita 30.

Kisha suuza sanduku, na ule mpira wa mlango wake upake mafuta ya silikoni. Si vazelini: vazelini huvimbisha mpira, na safari ijayo mtanuka wote. Uache mlango wazi, mpira ukibanwa miezi mingi unagandamana.

Tunafika Kasumbalesa mara ya kwanza na gari letu wenyewe. Tusisahau nini? – Wanandoa wa Ruashi

Upande wa Zambia, kile kibali cha muda cha gari mlichopewa mlipoingia lazima kifungwe na forodha kabla hamjatoka, la sivyo gari linabaki kwenye vitabu vyao kama lililopotelea nchini. Upande wetu, DGDA (forodha) watataka karatasi ya gari na ile mliyopewa mlipotoka, DGM (uhamiaji) wataona pasi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi. Kadi ya njano ya COMESA, ile ya bima ya gari, iangalieni tarehe yake leo, si pale mpakani. Msururu mrefu mtakaoukuta ni wa lori. Magari madogo yana njia yao, ulizeni, msijipange nyuma ya lori za shaba.

Baada ya kizuizi mnahama kutoka kuendesha kushoto kwenda kuendesha kulia. HiAce nyingi zina usukani wa kulia, na barabara ya Kasumbalesa hadi Lubumbashi imejaa lori ndefu, kwa hiyo dereva haoni mbele ya lori na anayeona ni aliyekaa kushoto. Kubalianeni maneno mawili tu, "bado" na "pita", na asiyeona vizuri aseme "bado". Mkiona wanaokuja wanawapigia taa, jueni taa za gari la usukani wa kulia zimeelekezwa kushoto na sasa zinawachoma macho. Sababu nyingine ya kufika mchana.

Tumerudi salama. Gari litasimama hadi kiangazi kijacho. Tulilaze namna gani lisioze masika? – Baba wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi)

Anza na maji. Jaza tangi, tia javeli (dawa ya klorini) ya asilimia 5, mililita 100 kwa kila lita 100, fungua kila bomba mpaka harufu itoke, acha saa nne, mwaga, suuza mara mbili, kisha acha bomba zote wazi. Betri ya nyumba ipumzike saa chache bila kazi ndipo uipime: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, na ikilala nusu miezi mingi haitaamka. Ichaji, ondoa waya wa hasi, ichaji tena kila mwezi. Tangi la dizeli lijazwe, ili hewa ya masika isigeuke maji ndani yake. Tairi ziongezewe upepo kidogo na gari lisogezwe kila mwezi. Godoro lisimamishwe wima, unga na mchele vitoke vyote, panya hawahitaji zaidi. Mlango wa frigo uachwe wazi kwa kijiti.

Paa ndilo la kushughulikia sasa, kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Mmoja apande ngazi na mpira wa maji, amwage dakika kumi kuzunguka kila tundu mlilotoboa: dirisha la juu, bomba la frigo, nyaya za sola. Mwingine akae ndani na tochi. Anze chini apande juu, tundu moja moja, ili mjue ni lipi linalovuja. Ukiona tone, usizibe juu yake moja kwa moja, maana maji hutembea chini ya bati kabla ya kudondoka. Fuata alama ya unyevu kwenye ubao kurudi upande ulioinuka, kwangua mastiki (gundi ya kuzibia) yote ya zamani mpaka bati lionekane, lipanguse kwa alkoholi, ndipo upake mpya. Mastiki mpya juu ya ya zamani hubanduka kwa jua la wiki mbili.