Kabla hujanunua mchoro wa karatasi, ugeuze uone mgongo wake

Kazi ya kwanza ya sanaa niliyonunua kwa hela yangu mwenyewe ilianza kupukutika kabla mwezi haujaisha. Asubuhi moja niliona unga mweusi umejikusanya chini, ndani ya fremu, na mwingine umegandia upande wa ndani wa kile nilichodhani ni kioo. Msanii alikuwa amechora mwanamke aliyeketi, uso wote kwa makaa, mabega kwa wino, kisha akambandikia vipande vya gazeti kuwa gauni. Uso ule ndio ulionifanya nitoe pesa. Sasa shavu moja lilikuwa limehamia kwenye fremu.

Kumbe halikuwa kioo. Ilikuwa plastiki ya akriliki, na plastiki ya namna hiyo ikifutwa kwa kitambaa hupata umeme tuli unaovuta unga wa makaa au pasteli (chaki laini za rangi) kutoka kwenye karatasi. Mimi nilikuwa naifuta kila Jumamosi, tena kwa bidii.

Tangazo la kazi ile lilikuwa na mstari mmoja tu: "mbinu mchanganyiko juu ya karatasi". Siku hizo nilidhani hilo ni jina la mtindo fulani wa sanaa. Siyo. Mara nyingi ni njia ya muuzaji kukwepa kuorodhesha. Inaweza kuwa penseli na rangi ya maji, au kalamu za felti, gundi ya kawaida na kipande cha gazeti la jana. Zote zinatangazwa kwa maneno hayo hayo, na hazizeeki sawa hata kidogo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi ni fupi: humo mna nini na nini? Nataka vitajwe kimoja kimoja. Msanii aliye hai hujibu kwa furaha, tena ukimgusa hapo atakusimulia mpaka uchoke. Penseli na makaa ni kaboni, kwa hiyo jua haliyapaushi. Shida ya makaa ni kushika kwenye karatasi tu, ndiyo maana nauliza kama yamepuliziwa dawa ya kuyagandisha. Bolpeni na kalamu nyingi za felti ni kinyume chake: zinashika vizuri, lakini mwanga huzila. Zile za rangi zinazong'aa ndizo mbaya kuliko zote, na sinunui kazi inayozitegemea hata ikinipendeza vipi.

Gazeti lina hadithi yake. Mwaka 1912 mchoraji Mfaransa Georges Braque alibandika karatasi ya ukutani yenye sura ya mbao juu ya mchoro wa makaa, na mwaka huo huo mwenzake Pablo Picasso naye akawa anakata magazeti na kuyabandika. Magazeti yale leo yamegeuka kahawia, rangi ambayo hayakuwa nayo yalipotoka mikononi mwake. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake, ile kemikali ya asili inayoupa mti ugumu, na hiyo ikikutana na hewa na mwanga hugeuka rangi na kutoa asidi. Asidi haikai pale pale. Huhamia hata kwenye karatasi nzuri iliyo chini yake. Kwa Picasso tunavumilia. Kwa kazi nyingine, jua tu kwamba rangi unayoiona leo sehemu ya gazeti siyo utakayoiona miaka kumi ijayo, na uulize karatasi iliyobeba kila kitu ni ya pamba isiyo na asidi au la.

Ombi langu la pili huwafanya wauzaji wengine wakunje uso: naomba kuona mgongo wa kazi, nje ya fremu. Kama tunauziana kwa picha, naomba picha ya mgongo na nyingine ya mbele iliyopigwa taa ikiwa pembeni, ili mikunjo na vipande vilivyoanza kubanduka vitoe vivuli. Karatasi kujikunja kidogo kandokando ya kipande kilichobandikwa ni kawaida, gundi iliilowesha. Usiogope hilo. Ogopa selotepu. Niliwahi kuonyeshwa kazi maridadi ya wino na rangi ya maji, nikaigeuza, nikakuta mistatili minne ya rangi ya asali kwenye pembe. Nilipoirudisha mbele, kivuli cha mistatili ile kilikuwa kimeshaanza kuonekana kwenye anga la mchoro, juu ya mawingu. Selotepu yenyewe ilikuwa imeshadondoka, gundi yake ndiyo iliyobaki ndani ya karatasi, na kuitoa ni kazi ya fundi wa kuhifadhi sanaa, si ya pamba na spiriti. Mshikizo mzuri wa kuitundika kazi ndani ya fremu ni vipande viwili vya karatasi ya Kijapani ukingo wa juu, kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo hulegea kwa maji. Na kama karatasi yote imegandishwa kwenye kadibodi, mimi huaga.

Beba pia lenzi ya kukuzia. Kuna chapa za mashine zinazoguswa kwa brashi mara mbili tatu kisha zinauzwa kama kazi ya mkono. Si dhambi kuuza chapa, mradi isemwe. Ukiona nukta ndogondogo za rangi zilizopangana chini ya mistari, hapo palipita mashine. Namba kama 12/50 iliyoandikwa chini ya kazi nayo inamaanisha zipo 50 za aina hiyo, kwa hiyo neno "pekee" lisitumike.

Vipimo usivichukulie juujuu: uliza ni vya karatasi au vya fremu. Kisha kila ulichoambiwa kiandikwe kwenye risiti, vifaa vyote vikiwemo.

Yule mwanamke wangu sasa yuko nyuma ya kioo halisi, ametenganishwa nacho kwa kadi nene yenye dirisha, kwenye korido isiyo na jua. Majumba ya makumbusho huweka kazi za karatasi kwenye mwanga hafifu wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga). Mimi sina kipimo, nazima taa tu. Nilimwandikia msanii nikamwuliza kama angelirudishia shavu. Alikataa. Ila aliniambia kwamba siku hizi habandiki tena gazeti lenyewe: analipiga picha, anaichapa kwa wino wa kudumu kwenye karatasi ya pamba, halafu ndiyo anaikata gauni.