Pini huonwa kwa macho

Mama yangu,

Picha ulizotuma nimezitazama mpaka simu ikazima chaji. Unauliza uchukue ipi kwa hiyo pikapu yako: sahani ya kuteleza, ile inayolishika tela, unayoifungua kwa mkono, au inayoteleza yenyewe gari linapokata kona. Na kumbe tela lenyewe ndilo nyumba! Wiki 13 hospitali hii ya Texas, mkataba ukiisha unaivuta nyumba hadi hospitali nyingine. Mama yako kasema umerithi barabara kwangu.

Kwamba unahitaji ya kuteleza, hilo halina ubishi. Bodi yako ni fupi, futi tano na nusu. Tela lina upana wa futi nane, kwa hiyo kutoka kwenye pini ya tela, ile inayoingia kwenye sahani, hadi kona yake ni zaidi ya futi nne. Ukikata kona kali, kona hiyo inaingia kioo cha nyuma. Ndiyo maana unapoegesha sahani inarudi nyuma, na kabla ya kushika barabara kuu inarejea mbele. Tela la kilo 4,500 linaweza kuibonyeza sahani kwa kilo 900 hivi, na mzigo huo ukibaki nyuma ya ekseli, matairi ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unaelea.

Lakini mimi nataka kujua jambo moja. Umetoka zamu ya masaa 12, usiku, mvua inanyesha: utashuka na tochi uangalie kama pini za kuifunga sahani zimeingia? Pini huonwa kwa macho, mama. Haisikilizwi.

Bega la mjomba wako mnalijua. Mlikuwa wadogo, tukawaambia kaanguka akifunga turubai. Hakuanguka. Tulipakia Kurasini kwenda Tunduma, geti la yadi jembamba, nikarudisha sahani nyuma ili kontena lisiguse kabini. Nikavuta mkono wa kufungulia sahani, nikasogeza gari, nikasikia "ka!" Nikaamini. Tajiri alikuwa ananihimiza, na mimi nilitaka kuvuka Chalinze kabla ya foleni. Kumbe pini ya upande mmoja tu ndiyo iliyoingia, tena kwa ncha.

Alfajiri tuko Mikumi, twiga wawili wakaingia barabarani. Nikakanyaga breki. Tela likaisukuma sahani ikakimbia mbele yote, kona ya kontena ikapasua kabini upande wa kitanda, na mjomba wako alikuwa amelala pale. Hakupiga kelele. Aliniita tu, "Shemeji." Mpaka leo nikimwona anabadilisha mkono kubeba ndoo ya maji, nalisikia lile "ka".

Sasa utasema basi nichukue inayoteleza yenyewe, haina mkono wa kusahau. Nami nimelala na wazo hilo siku mbili. Ni kweli, hiyo hukata kona nawe umekaa ndani, na kwa mtu aliyechoka hilo si dogo. Lakini ni nzito zaidi, ni ghali zaidi, reli zake zinataka grisi, na chini ya tela lazima lifungwe bamba la kuishika pini ya tela isizunguke, ndipo sahani isukumwe na kona. Hilo bamba nalo ni la kukaguliwa. Halafu mtu asiyeshuka huacha kuangalia. Hilo nimeliona kwa madereva wengi.

Ya mkono nayo ina utaratibu wake: unashika breki za tela peke yake, unafungua, unasogeza pikapu mbele taratibu, inajifunga. Ukimaliza, breki za tela tena, unafungua, unarudi nyuma, inajifunga. Kila mara unashuka. Lakini ni mimi niliyeshuka pale Kurasini, nikasimama hatua mbili kutoka kwenye pini, nisiiangalie. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba mkono ndio unaomfanya mtu awe mwangalifu.

Sikuchagulii. Gari lako, fedha yako, na mwili wako ndio unaojua uchovu wake. Ungenibana sana ningesema ya mkono... hapana, niache hapo.

Yoyote utakayochukua, fundi akimaliza kuifunga nipigie kwa video. Weka tochi kwenye pini za kulia, kisha za kushoto, polepole. Huku kutakuwa usiku, usijali. Nitakuwa macho, na mjomba wako nitamwita aje akae nami.

Baba yako
Temeke