Mwanangu, kuhusu Kithai na Kijerumani

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nikamsomea. Unasema umepata nafasi mbili za kwenda kujiendeleza katika kukata mawe ya vito, moja Chanthaburi, Thailand, na nyingine Idar-Oberstein, Ujerumani. Unaniuliza kipi kigumu zaidi kati ya Kithai na Kijerumani, maana mimi zote mbili nimezipitia. Umeniwekea na hesabu za chuo cha wanadiplomasia wa Marekani: Kijerumani wiki 36, Kithai wiki 44. Hizo ziache, mama. Zimepigwa kwa mtu aliyezaliwa na Kiingereza mdomoni. Hao hao wanakiweka Kiswahili kundi moja na Kijerumani, na wewe Kiswahili umekinyonya.

Nimekwambia tangu ukiwa mdogo: sikio kwanza, mdomo baadaye. Kabla ya kuuliza ugumu, jiulize ni watu gani utakubali kuwasikiliza kutwa nzima, hata siku watakapokuudhi.

Kwenye karatasi Kijerumani kina huruma. Herufi ni zetu hizi hizi, ukiongeza ä, ö, ü na ß, na ukishajua kanuni zake unalisoma neno lilivyoandikwa. Ngeli zao ni tatu tu, der, die na das. Lakini ngeli zetu zinajitangaza: ukisikia kisu na kijiko, ile ki- imeshakwambia upatanisho wote. Kwao kisu ni das Messer, uma ni die Gabel, kijiko ni der Löffel, na hakuna alama ya kukuongoza. Unakariri. Kisha hiyo der inageuka den, dem au des kulingana na kazi ya neno katika sentensi. Pale Leipzig, kwenye Taasisi ya Herder walikotupitisha wanafunzi wa kigeni kabla ya kutupeleka vyuoni, nilibandika majedwali ukutani juu ya kitanda, na yakaniingia. Majedwali si kitu. Kazi ni kungoja sentensi iishe, maana Mjerumani anaweza kuliweka mwisho kabisa neno linaloamua kila kitu.

Msiba wa babu yako unaujua, kwamba mimi sikuzika. Jinsi ilivyokuwa sijawahi kukueleza. Nilikuwa Freiberg, nasoma madini. Telegramu ilipofika nikaenda ofisi moja kutafuta saini ya ruhusa ya kusafiri. Yule bwana alisoma karatasi yangu yote, akafungua kifuniko cha kalamu, akasema, "Ich unterschreibe Ihnen das heute..." Yaani, hii ninakusainia leo. Akatua. Akanitazama usoni mpaka pumzi ikanirudi. Ndipo akamalizia: "nicht." Yaani, sikusainii. Akafunga kalamu yake. Kwetu sisi anayekukatalia huanza na si-, unajua tangu silabi ya kwanza. Yeye lugha yake ilimpa nafasi ya kunishikilia pale katikati, na aliitumia kwa makusudi. Mpaka leo nikisikia Kijerumani redioni, ninakaa kusubiri nicht.

Utaniambia kosa ni la mtu, si la lugha. Kweli. Na ni kwa lugha hiyo hiyo bibi mmoja mjane, mlinzi wa bweni letu, alikaa nami jikoni usiku ule akinisimulia alivyompoteza baba yake vitani, akirudia polepole kila nilichokikosa. Bila Kijerumani faraja ile ingenipita. Kwa hiyo sikichukii. Lakini sijakisamehe pia, na sioni kwa nini nikufiche.

Kithai nilikipatia Tunduru, bila darasa. Miaka ya 1990 mawe ya Muhuwesi yalipovuma, wanunuzi wa Kithai walijaa mjini, wakapanga vyumba, wakaweka meza, taa na mizani. Mmoja wao unamkumbuka, Babu Mizani, kama ulivyokuwa ukimwita. Jioni moja aliniambia nimletee mzigo song thum. Song nilishaijua, ni mbili. Nikamnyooshea saa ya mkononi, akaweka kidole kwenye nane. Saa mbili usiku! Saa moja usiku wao ni nueng thum, saa tatu ni sam thum, saa tano ni ha thum, sawasawa na sisi. Nilimweleza kwa vidole kwamba na sisi tunahesabu hivyo hivyo, akacheka mpaka akavua miwani. Na laki wanayo, wanaiita saen. Bei za mawe tulikuwa tunapatana bila kugusa kikokotoo. Mwanangu, furaha ile sikuipata Leipzig, ambako halb acht, yaani "nusu nane" kwa saa zao, maana yake kwetu ni saa moja na nusu.

Kitenzi chao hakibadiliki: anakula, alikula, atakula, vyote kin, unaongeza jana au kesho, yamekwisha.

Haya, nimeanza kukupendelea Kithai, na si haki. Toni zake ni tano: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Klai ya toni ya kati ni mbali. Klai ya kushuka ni karibu. Mimi nimekulia Kiyao, lugha ambayo sauti kupanda na kushuka ina kazi yake, pengine ndiyo maana masikio yangu hayakushtuka. Wewe tumekulea Arusha kwa Kiswahili kitupu. Halafu mimi nilihitaji kusema na kuhesabu tu, wewe utatakiwa kusoma. Konsonanti 44, irabu zinakaa mbele, nyuma, juu au chini ya konsonanti, na maneno yanaandikwa bila kuachiwa nafasi. Kwa upande huo Kijerumani kitakupokea mapema zaidi. Lakini hata hivyo, sikio kwanza.

Mama yako anasema nimeshakuchagulia ila nazunguka. Sijakuchagulia. Kama unataka kukaa kwenye jiwe moja mpaka likae sawa, Idar-Oberstein wamekata akiki vizazi na vizazi. Kama unataka kujua kuchoma yakuti ili rangi yake ipendeze, na kuiuza, Chanthaburi soko la mwisho wa wiki lina madalali barabara nzima, na hakuna atakayekusubiri umalize kozi. Uamuzi ni wako, nami nitaulipia nauli wowote utakaokuwa.

Goethe-Institut, wanakofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam, unaweza kuanza A1, ngazi ya kwanza, kabla ya kuondoka. Uliza ada uniambie. Kithai nipigie Jumapili jioni, tuanze na hesabu: nueng, song, sam, si, ha. Na kila ukijibu malizia na kha, wanawake ndivyo wanavyosema.

Baba yako