Mnaoanza Kuagiza Kompyuta, Someni Kwanza Habari za Compaq

Hivi karibuni kijana mmoja wa kitengo chetu aliniletea profoma ya kompyuta mpakato huku akitabasamu, kwa kuwa muuzaji alikuwa amempa punguzo nono kwa sharti kwamba mzigo wote uchukuliwe kabla ya robo ya mwaka kuisha. Alinihakikishia kwamba bei hiyo hatutaipata tena. Nilimjibu kwamba tutaipata, tena ikiwa chini zaidi. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii kwa sababu kosa hilo la kujaza stoo kwa kufuata punguzo lina umri mkubwa kuliko wengi wenu, na miongoni mwa waliolitenda ni kampuni iliyokuwa hodari kupita sisi sote.

1. Jueni mzigo ukidoda hasara ni ya nani. Compaq, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilianzishwa Houston mwaka 1982 na Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, waliokuwa wametoka Texas Instruments. Mashine yao ya kwanza ilikuwa na mpini wa kubebea na uzito wa karibu kilo 13, na iliendesha programu za kompyuta ya IBM kwa sababu wahandisi wao waliiandika BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, upya bila kunakili ile ya IBM. Vijana huipenda sana habari ya BIOS, nami siwalaumu, lakini mfanyabiashara atazame kwingine. IBM ilikuwa na wauzaji wake walioyaendea mashirika makubwa moja kwa moja, ilhali Compaq iliwaachia mawakala wateja wote, na mawakala wakaipa nafasi ya mbele madukani. Mwaka 1983, ambao ndio mwaka wake wa kwanza wa mauzo, iliuza mashine zaidi ya 53,000 na kupata dola milioni 111. Lakini mashine hizo zilipitia kwa mawakala, na katika somo la tatu mtaona zilipododa hasara ilimrudia nani.

2. Katika zabuni andikeni prosesa, kumbukumbu na diski, msiandike jina la kampuni kubwa. Mwaka 1986 waliosubiri jina la IBM waliikosa Deskpro 386 ya Compaq, iliyotangulia kutumia prosesa mpya ya Intel.

3. Punguzo la kuwajazia stoo ni deni. Hapa nitasema kwa kirefu, kwa kuwa nililipia somo hili, au tuseme mwajiri wangu wa wakati huo ndiye aliyelilipia. Nilikuwa mgeni kazini kama ninyi, na msambazaji mmoja akaniahidi asilimia kadhaa za ziada iwapo ningechukua kontena zima. Nilipiga hesabu ya faida kwa bei ya siku ile, nikatia saini, nikajiona mjanja. Mzigo ulikaa baharini wiki nyingi, kisha ukakaa bandarini kwa sababu hati moja ilikuwa na kosa la tarakimu, na gharama za kuhifadhi zikawa zinapanda kila kukicha. Tulipoufungua, toleo lenye prosesa mpya lilikuwa limekwisha kutangazwa, na msambazaji yuleyule alikuwa ameshusha bei ya toleo letu hadi chini ya ile niliyonunulia.

Nilikimbilia mkataba kwa kujiamini, maana nilijua una kipengele cha kinga ya bei, yaani msambazaji hufidia tofauti akishusha bei. Kipengele kilikuwapo. Kilihesabu siku 30 tangu tarehe ya ankara, wala si tangu siku ya kupokea mzigo, na siku hizo zote zilikuwa zimekwisha kabla meli haijatia nanga. Mkurugenzi hakunifokea, alinipa kiti ndani ya stoo na kuniambia nifanyie kazi humo hadi maboksi yaishe. Mlinzi akaanza kuniita mwenye nyumba. Mashine za mwisho tuliziuza kwa hasara kwa chuo kimoja, nami nikazifunga boksi kwa mkono wangu.

Compaq yenyewe haikusalimika. Baada ya hasara ya mwaka 1991 Canion aliondolewa, na mrithi wake Eckhard Pfeiffer akashusha bei kwa nguvu hadi kampuni ikaipita IBM kwa mauzo ya kompyuta binafsi mwaka 1994. Lakini mauzo kwa wakala bado hayajawa mauzo kwa mtumiaji, na kufikia mwanzoni mwa 1998 mashine zilikuwa zimerundikana kwa mawakala, ikabidi zitolewe kwa punguzo lililoitafuna faida. Wakati huo mshindani wake, Dell, ilikuwa ikipokea oda kwanza na kuunda mashine baadaye, hivyo vipuri vyake vilikaa siku chache tu, na kila Intel iliposhusha bei ya prosesa, Dell ndiyo iliyonufaika mapema.

4. Msimzunguke wakala wenu. Mwishoni mwa 1998 Compaq ilianza kuwauzia wafanyabiashara wadogo moja kwa moja, na mawakala walioiinua wakaona wamegeukwa. Lakini iliwahitaji mno, haikuweza kuwaacha, na gharama zao zikaizuia kumfikia Dell kwa bei. Pfeiffer aliondolewa Aprili 1999, na Mei 2002 kampuni ikamezwa na HP. Jina likaendelea kuonekana kwenye mashine za HP, na kwa sababu hiyo tunzeni namba za utambulisho na hati za dhamana za kila mashine mnayouza: mtengenezaji akinunuliwa, mteja atarudi dukani kwenu, hataenda Houston.